Barua kwa mwanangu: petroli, umeme au ualimu?

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani Mtwara. Sote wazima, na duka linakwenda hivyo hivyo. Ujumbe wako nimeupata: una PCM yako (fizikia, kemia na hisabati), alama zinatosha, na unasita kati ya uhandisi wa petroli, uhandisi wa umeme na ualimu wa fizikia. Unataka kujua ipi ina ajira. Baba yako mdogo naye keshakwambia petroli, maana gesi iko mlangoni kwetu.

Simlaumu. Wewe ulikuwa mdogo, lakini yeye anaikumbuka Mtwara ya 2012. Meli za utafiti baharini, wageni wanatafuta nyumba za kupanga, wenye viwanja wanataja bei wanayojisikia. Vyuo navyo vikaanzisha digrii za petroli na gesi, vijana wakajaa. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, wageni wakapungua, na ule mradi mkubwa wa kusindika gesi kule Lindi mazungumzo yake yamekwenda miaka na miaka. Bomba la kwenda Dar lilikamilika 2015, ni kweli. Lakini bomba likishafukiwa halihitaji tena wale watu wote waliolichimbia mtaro. Wanaobaki ni wachache, na kati yao wamo watu wa umeme na wa mitambo.

Ndiyo maana nasema chukua umeme.

Sikwambii petroli ni masomo mabaya. Tatizo lake waajiri ni wachache, na wote wanategemea maamuzi yanayofanyika mbali na hapa. Mtu wa umeme anabisha hodi TANESCO, shirika la umeme la serikali, migodini Geita, kwenye minara ya simu, kwa wanaofunga sola, kwenye kiwanda cha saruji hapa kwetu. Treni ya SGR inayokwenda Dodoma inatumia umeme, na bwawa la Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115. Vyote hivyo vinataka watu wa kuvitunza hata baada ya wakandarasi kuondoka. Na mradi wa Lindi ukianza kweli, utaomba kazi huko kwa digrii yako hiyo hiyo ya umeme. Mwenye petroli akitaka kuingia TANESCO atapata kazi kubwa ya kujieleza.

Ualimu usiudharau. Mwalimu wa fizikia na hisabati anatafutwa kuliko wa historia, na usipopata serikalini, masomo ya ziada yatakulisha. Ila wewe nakujua: ukimweleza mdogo wako hesabu mara ya pili unagomba. Watoto wa watu utawafanya nini?

Sasa, usidhani digrii peke yake inakufanya mhandisi. Kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ukimaliza chuo unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na wana mpango wao wa mafunzo, SEAP, wa miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, ndipo uombe kuwa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo kabla hujachagua chuo, hakikisha kozi yake inatambuliwa na hiyo Bodi. Jina zuri la kozi lisikudanganye. Siku hizi majina ni marefu kuliko maktaba zao.

Halafu ile fildi, mafunzo ya vitendo kazini wakati wa masomo. Wengi huenda ofisi iliyo karibu na nyumbani, wakasainiwa kitabu, wakarudi. Wewe ianze kuitafuta mapema, mahali penye mashine, hata kama ni mbali na hawakulipi. Nauli na chumba nitatafuta. Wanaokuona ukifanya kazi ndio wanaokukumbuka nafasi ikitoka, kuliko barua mia za maombi.

Mkopo uombe, lakini ujue ni deni. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi. Kwa hiyo usijaze fedha ya simu mpya kwenye mahesabu yako.

Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, watakutaka uthibitishe kimoja tu. Kabla hujathibitisha, nitumie majina ya vyuo na ada zao, nikae na baba yako mdogo tupige hesabu. Nipigie baada ya saa mbili usiku, nikishafunga duka.

Mama yako