Usisaini hiyo nyumba. Umepiga hesabu ya Agosti, kodi itakukuta Aprili

Usisaini. Kama dalali ameshakupigia leo mwambie umesafiri, mwambie umefiwa na kuku, mwambie lolote, ila Jumamosi usimpe hela.

Uzi wako nimeusoma mara mbili mkuu, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Kwa waliopita haraka: kijana ni msaidizi wa muongozaji wa watalii Mlima Kilimanjaro, anakaa chumba kimoja Majengo hapa Moshi, na ameuliza mambo matatu. Afanyeje chumba kisifanane na stoo ya kambi. Apangeje ratiba wakati siku saba yuko juu na siku mbili yuko chini. Na agaweje hela, maana kasikia habari ya asilimia 50 mahitaji, 30 starehe, 20 akiba. Halafu kule mwisho kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, anasema amepata nyumba Soweto ya laki tatu kwa mwezi, analipa miezi sita, anaona inamtosha kwa sababu "wastani wangu ni milioni na nusu".

Waliotangulia kuchangia wote wamemshauri kuhusu kabati la nguo.

Kabati, jamani!

Huo wastani umeutoa wapi mdogo wangu? Ngoja nikubahatishie: umechukua Julai, Agosti na hii Septemba, ukajumlisha, ukagawa kwa tatu. Najua kwa sababu na mimi nilifanya hivyohivyo, tena kwa kalamu nyekundu, kwenye diary niliyouziwa elfu 35.

Mimi ni mpishi wa mlimani. Nilianza kama mgumu, yaani nikabebea watu mizigo miaka mitatu, ndipo nikapewa sufuria. Mwaka 2022 kuanzia Julai hadi Septemba nilipanda mara nane. Ukichanganya malipo ya siku na tipu, tripu moja ilinipa wastani wa 450,000. Nane zikafanya milioni 3.6. Kwa mtu aliyezaliwa na kukulia Pasua, hiyo hela ilikuwa inanong'ona usiku.

Wakati huohuo rafiki akanipeleka kwenye semina ya "kupangilia maisha", ukumbini hapa mjini, kiingilio elfu 50 na maji ya kunywa unajinunulia. Mwalimu wetu alivaa suti ya rangi ya damu ya mzee na viatu vyenye ncha ya kutobolea mtu. Simtaji, ana watoto. Alitukatisha picha za majumba kwenye magazeti tukazibandika kwenye karatasi. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasaga meno: "Ukilala chumba kimoja, utawaza chumba kimoja." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi na miguu.

Baadaye akapita mtu mmoja mmoja. Akaniuliza, kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani? Nikamjibu milioni moja na laki mbili. Akaandika, akapiga asilimia, akaniambia kodi ya laki mbili na nusu unaimudu kabisa, unajipunja tu. Hakuuliza swali moja ambalo hata mama muuza ndizi pale Mbuyuni angeuliza: mwezi gani?

Maana mlima haufungwi, wageni ndio hawaji. Vuli ya Novemba inawapunguza, wanarudi Desemba kwa ajili ya sikukuu, Januari na Februari panachangamka, halafu masika yanashuka Machi na unabaki wewe na sufuria lako mpaka Juni. Hili analijua kila mgumu. Nililijua mimi pia. Ila ukiwa na bahasha ya tipu mfukoni masika yanakuwa hadithi ya watu wengine.

Oktoba mosi nikahamia Rau. Vyumba vitatu, sebule, geti jeusi. Miezi sita ni 1,500,000, na dalali akachukua chake cha mwezi mmoja, 250,000, kwa kazi ya kunionyesha geti. Makochi nikaagiza kwa fundi kwa laki tisa, nusu nikatanguliza. Nikaingia na mchezo wa elfu 30 kwa wiki, watu ishirini, namba yangu ya kumi na tisa. Ningekuwa na akili ningeona kwamba hata kijumbe ananionea huruma.

Sasa tulia hapa, maana hapa ndipo ulipo wewe. Hesabu kwa vidole: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi. Miezi sita inaisha tarehe 31 Machi. Kodi nyingine inadaiwa Aprili mosi, ndani ya masika, siku ambayo mgeni pekee aliyepo Moshi ni mvua. Wewe ukilipa sasa hivi mwishoni mwa Septemba unatua palepale. Na usipojinasua, utatua palepale kila mwaka.

Kuanzia Oktoba mpaka Machi nilipata tripu nane tena, yaani ileile milioni 3.6, lakini sasa imesambaa kwenye miezi sita badala ya mitatu. Tulikula, tukasomesha, tukamaliza deni la makochi, tukalipa mchezo. Mwisho wa Machi mkononi nilikuwa na laki tisa. Kodi milioni moja na nusu. Pengo laki sita.

Mtu mwenye akili angemfuata mwenye nyumba akamwambia mzee, nimeshindwa, natoka. Mimi niliona aibu. Mama mkwe alishakuja akalala chumba cha wageni, akapiga simu Rombo nzima kwamba binti yake ana chumba cha wageni. Nirudi vipi Pasua? Nikaenda kukopa laki sita kausha damu, asilimia 30 kwa mwezi. Ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna hii awe na leseni ya Benki Kuu. Sikuomba kuiona. Ofisi ilikuwa nyuma ya saluni, nikasaini karatasi imeegemezwa kwenye mashine ya kukaushia nywele. Dhamana: runinga, friji, jiko la gesi la sahani mbili pamoja na mtungi wake.

Mwisho wa Aprili walitaka 780,000. Nilikuwa na 180,000, nikawapa, wakasema hiyo ni riba tu, shina liko palepale. Mwisho wa Mei sikuwa na kitu.

Walikuja na kirikuu saa mbili asubuhi, vijana watatu, wapole kabisa, hata viatu walivua mlangoni. Mtoto alikuwa anaangalia katuni. Mmoja akamwambia, "Samahani baba, sogea kidogo," akachomoa waya. Friji walilitoa na maji yake ya barafu yakawa yanadondoka kutoka jikoni mpaka getini, mstari mmoja, kama mtu kapita na jeraha. Mama watoto hakusema neno. Alichukua tambara akaanza kufuta ule mstari kuanzia jikoni, na alipofika getini kirikuu kilishaondoka. Rimoti waliisahau. Ninayo mpaka leo, iko kwenye droo, betri nzima.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba kodi nilishalipa mpaka Septemba, na mwenye nyumba akasema hela ikiingia kwake haina mlango wa kutokea. Kwa hiyo tulikaa Rau kwenye vyumba vitatu vyenye mkeka mmoja. Makochi niliyauza laki nne kupata ada. Sebule ikawa na mwangwi. Ukikohoa, unajibiwa. Mama mkwe aliposema anakuja tena nikamwambia kuna ukarabati.

Ndiyo maana hizo asilimia zako 50, 30, 20 sizijibu. Asilimia ya nini? Pale getini Machame mgumu anapimiwa mzigo, kilo 20, ukizidi unashushwa hata ukilia. Mzani haukuulizi jana ulibeba ngapi ukiwa na nguvu. Nyumbani kwangu hapakuwa na mzani, palikuwa na diary.

Chukua kauntabuku. Andika miezi kumi na miwili chini kwa chini na mbele ya kila mwezi idadi ya tripu ulizopanda kweli, siyo ulizoahidiwa. Yangu ya mwaka ule, kuanzia Julai, ilisoma hivi: tatu, tatu, mbili, moja, kistari, mbili, mbili, mbili, moja, kistari, kistari, moja. Jumla kumi na saba. Mara 450,000 ni 7,650,000. Gawa kwa kumi na mbili: 637,500. Huyo ndiye mimi. Yule bwana wa milioni na laki mbili aliishi miezi mitatu tu kisha akafariki.

Baada ya hapo nikajiajiri mwenyewe. Kila tripu ikiisha hela yote inaingia akaunti ambayo haijaunganishwa na simu, ya kupanga foleni mpaka ufike dirishani, na nimeichagua makusudi kwa sababu foleni yake inakera. Kila Jumatatu najilipa 110,000, Agosti ni hiyo, Aprili ni hiyo. Kwa wiki 52 ni 5,720,000. Kodi yangu sasa ni laki moja kwa mwezi, ndiyo, Pasua, chumba na sebule, na mwenye nyumba nilimwomba nilipie kuanzia Agosti mpaka Januari, Februari mpaka Julai, ili nilipe nikiwa na hela. Alikubali papohapo. Wengi wanakubali ukiuliza, sisi tunaona aibu kuuliza. Kinachobaki, kama laki saba hivi, ni cha ada na magonjwa. Starehe imo ndani ya ile 110,000. Kama wiki hiyo tumekula nyama choma, basi wiki hiyo tumekula nyama choma.

Mtu ataniambia hayo ni maisha ya woga, Agosti nina milioni na nakula kama karani. Sawa. Aprili iliyopita karani huyu alikunywa chai na maziwa kila siku, na nilikuwa naangalia mpira kwenye runinga ambayo rimoti yake ni nyingine.

Jambo jingine, siku ya kushuka. Wewe unaijua Mweka, geti la kushukia, ilivyo: bahasha imetoka, miguu inauma, mtu anasema twende tukapige moja tu. Zile bahasha zangu nane za mwaka ule, nikikumbuka vizuri, hakuna iliyofika nyumbani ikiwa nzima. Sasa hivi siku ya kushuka simlipi mtu, sinunui kitu, siahidi harusi. Nalala. Hela naigusa kesho yake, nikiwa nimeoga na nimekumbuka kwamba mimi siyo tajiri, nimechoka tu.

Kuhusu ratiba uliyouliza, hiyo diary ya kupanga saa kwa saa igeuze ya kuwashia mkaa. Mtu wa mlimani hana saa, ana kupanda na kushuka. Mimi ninayo kalenda ya ukutani ya parokia, siku za juu nazichora duara, na kabla ya kila duara mama watoto ameandika mambo ya kumaliza kabla sijaondoka: luku, gesi, maji, hela ya shule. Basi.

Na hilo la chumba... uliuliza nini vile? Begi la mlimani. Litundike, usiliweke chini likiwa na unyevu. Hayo mengine watakujibu wale wa kabati.

Mkataba wa Soweto ukikuwasha sana, nenda kaulize kama wanakubali miezi miwili, halafu uone sura ya dalali itakavyobadilika. Na usimtajie milioni na nusu, mtajie hiyo hesabu ya kumi na mbili utakayoipata. Kama bado inatosha laki tatu, niite mwongo humu humu, nitakunywesha soda.

Kesho Alhamisi naingia Machame na kundi la watu sita, nashuka Jumatano. Jumamosi wakati dalali anakusubiri nitakuwa kambi ya Barranco nakaanga viazi, mtandao kule unakamata kwa kubahatisha, kwa hiyo nikikaa kimya usidhani nimekubali.