Wadudu hai kwa chiriku wanaolea makinda

Ndugu, kama chiriku wako wanaatamia vizuri lakini makinda wanakufa siku chache baada ya kuanguliwa, kagua kwanza protini. Mbegu peke yake mara nyingi hazimkuzi kinda vizuri. Wazazi wanahitaji wadudu laini wa kumlisha.

Mimi ningeanza na mchwa, maana hawana gharama. Jaza chungu mabua makavu ya mahindi na kinyesi cha ng'ombe, lowanisha, kisha kipindue juu ya tundu la kichuguu jioni. Asubuhi kung'utia mchwa kwenye sinia. Kichuguu kilichowahi kupigwa dawa usikiguse kabisa: sumu ile huingia kwa ndege kupitia mdudu.

Ukitumia nyenje, chagua wachanga. Wakubwa wana miguu yenye miiba, na kinda hawezi kuwameza. Nyenje wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ndiyo maana makinda wanaolelewa kwa nyenje tu hupinda miguu. Walishe karoti na mboga za majani siku nzima kabla ya kuwatoa, halafu wapake unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini.

Watie kwenye bakuli la kioo lenye kuta wima, wasitoroke. Wape chiriku wadudu hao mara tatu kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika 20. Ukizidisha, dume hupata hamu ya kutagisha tena na huweza kutupa makinda nje ya kiota. Wasipokuwa na makinda, mara mbili kwa wiki yatosha.