Wanajuaje kama galaksi zimegongana?

Swali: Shikamoo mhariri, mi niko Mikindani, Mtwara. Galaksi, yale makundi makubwa mno ya nyota, zikigongana inachukua mamia ya mamilioni ya miaka, sasa wanasayansi wanajuaje?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Wanapima umbo. Picha ya galaksi wanaizungusha nyuzi 180 halafu wanaitoa kwenye ile ya mwanzo, wanaangalia kinachobaki. Chukua kanga uigeuze juu chini, pindo linalingana ila jina linasomeka kichwa chini, basi hilo jina ndo mabaki. Galaksi iliyotulia inabakiza kidogo, iliyovurugwa na jirani inabakiza kingi, kipimo cha mabaki hayo kikilinganishwa na mwanga wa picha nzima kikizidi 0.35 wanashuku zinaungana. Mi peke yake sikitegemei, maana galaksi inayozaa nyota nyingi nayo huonekana imevurugika.