Taa za gari zinafifia besi ya muziki ikigonga: ninunue betri ya pili?
Ndugu, betri ya pili isubiri. Amplifaya ya wati 1000 za kweli huvuta karibu ampea 90, na alteneta hiyohiyo (mashine ya kuzalisha umeme kwenye injini) ya Toyota Premio yako inalisha taa, feni na pampu ya mafuta. Anza na nyaya tatu: alteneta kwenda betri, betri hasi kwenda bodi, injini kwenda bodi. Ziwe nene, za shaba tupu. Pale Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, kwangua ncha kwa kisu kabla hujalipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie mwenyewe. Fyuzi ikae karibu na betri, si kule kwenye buti. Halafu pima volti muziki ukiwa juu: zikishuka chini ya 13 injini ikiwaka, tafuta alteneta kubwa. Kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi? Hiyo inamsaidia zaidi muuzaji.