Saini unazo, vipindi huna

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikacheka hadi mama yako akauliza kulikoni. Unasema tangu upewe ualimu mkuu, walimu wako kumi na mmoja wanawahi, wanasaini, halafu vipindi vinapita wako chini ya mwembe na simu zao. Unauliza uwaandikie barua za kujieleza au uwapeleke kwa Afisa Elimu Kata.

Nimecheka kwa sababu nami nilianza hivyohivyo. Ikifika saa moja na nusu napiga mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio. Ndani ya mwezi hakuna aliyesaini chini ya mstari, nikajiona kiongozi kwelikweli. Mwezi wa sita nikakagua madaftari ya darasa la tano: hisabati ilikuwa imeishia Machi.

Mmoja tu ndiye aliyeendelea kuchelewa, mwalimu wa sayansi. Nilishamwandikia barua mbili. Siku moja ya mvua nikamfuata kwake, ng'ambo ya mto. Nikamkuta anavuka, suruali ameivua na kuizungusha shingoni, kichwani kabeba mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mlikuwa na madaftari ya watoto, yameshasahihishwa yote. Huyo ndiye niliyemwandika mzembe!

Nikamhamishia vipindi vyake kuanzia saa tatu. Asubuhi nikaingia mimi darasa la tano na hisabati yangu. Sikumhutubia mtu, lakini mwalimu mkuu akishika chaki, kukaa mwembeni kunakuwa na aibu yake. Tena huko darasani ndiko nilikojua kwamba chaki zetu zilikuwa zinaisha Jumatano. Ofisini nisingejua.

Suala la fedha usilipuuze. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, ruzuku ya serikali kwa shule ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 kati ya hizo zikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kwa watoto wangu 600, hiyo ni laki tatu kwa mwezi, ikija kamili. Mwaka huohuo sisi walimu wakuu tukaanza kulipwa posho ya madaraka ya laki mbili kwa mwezi. Hebu fikiria mwalimu anayenunua kalamu nyekundu kwa hela yake anavyoziangalia hizo hesabu mbili. Walimu walikuwa na hakika nakula fedha za shule. Nikabandika mapato na matumizi ukutani ofisini kwao, hadi bei ya ufagio. Minong'ono ikapungua, haikuisha.

Halafu kuna kupanda madaraja ya kazi. Walimu wangu wawili walikuwa wamekwama miaka. Nikabeba mafaili yao hadi halmashauri, mara nne, nauli yangu. Mmoja alipanda, mwingine hakupanda mpaka nastaafu. Wote wawili waliacha kununa.

Sisemi barua hazina kazi. Kuna mmoja aliyekuwa akiingia darasani amelewa. Huyo nilimwandikia, shauri likafika Tume ya Utumishi wa Walimu, wala sijutii.

Sasa nijibu wewe. Huyo unayemwita kinara wa mwembeni, wa darasa la nne, anakaa wapi? Ana vipindi vingapi kwa wiki? Mara ya mwisho kupanda daraja ilikuwa lini? Na wewe mwenyewe, kwenye ratiba umejipangia kipindi gani?

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama ile blanketi ilifika.

Baba yako