Jicho la mama kuchomoza: yaliyompata shangazi yangu wa Tukuyu

Dada wa Makambako, umesema jicho la kushoto la mama linachomoza, haliumi, na huu ni mwezi wa tatu anatiwa matone bila nafuu. Pole sana. Shangazi yangu alianza hivyo hivyo.

Wajukuu ndio waliogundua kwamba jicho lake "limeshuka". Zahanati moja ikampa matone ya aleji, nyingine dawa ya kupaka, mwaka ukaisha. Bado inaniuma, maana matone hayafiki nyuma ya jicho.

Tulipompata daktari bingwa wa macho Mbeya mjini, hakuanza na tochi. Alisimama nyuma ya shangazi, akamwinua kidevu, akayatazama macho yote mawili kutokea juu ya paji. Kisha akapima kwa kifaa kinachoegeshwa kwenye mifupa ya pembeni mwa macho. Tofauti ikizidi milimita 2, lazima itafutwe sababu. Akaomba na picha za zamani. Tukampelekea ya kipaimara cha binamu yangu, na humo jicho lilikuwa limeshaanza kushuka!

Halafu akatufafanulia jambo ambalo sijalisahau: angalia jicho linasukumwa wapi. Likija mbele moja kwa moja, mara nyingi kinacholisukuma kiko nyuma yake, kati ya misuli. La shangazi lilisukumwa chini na kuelekea puani, kwa hiyo kitu kilikaa juu upande wa nje, kwenye tezi ya machozi. Alipimwa pia damu kuangalia ugonjwa wa tezi ya shingo (thairoidi), kwa sababu kwa watu wazima hiyo ndiyo inayoongoza kwa kuchomoza macho, hata jicho moja peke yake.

CT scan, yaani picha ya mionzi ya ndani ya kichwa, ikaonyesha uvimbe wa mviringo, mfupa umebonyea taratibu bila kuliwa. Mimi nikauliza, mbona hamkati kinyama kikapimwe? Akasema kwa uvimbe wa namna hii, pleomofiki adenoma, ambao wenyewe si saratani, ukiutoboa ganda lake chembe zinamwagika, unarudi, na miaka ya mbele unaweza kugeuka saratani. Unatolewa mzima na ganda lake. Ndivyo alivyofanyiwa, na maabara ikathibitisha. Uvimbe unaokua haraka, wenye maumivu au ganzi, huo unaweza kuwa saratani na kukatwa kinyama ni lazima. Ndiyo maana picha hutangulia kisu.

Kwa mtoto usihesabu miezi kabisa. Kuna saratani ya misuli, rabdomiosakoma, inayolitoa jicho nje ndani ya siku au wiki chache. Huyo ni wa kupelekwa leo leo.

Mama mwombee rufaa kwa bingwa wa macho wiki hii, ubebe picha zake za miaka iliyopita. Akianza kuona vitu viwili viwili, au rangi nyekundu akiiona imepauka kwa jicho hilo, usingoje tarehe ya kliniki. Na ukirudi hapa, tuambie jicho limeelekea wapi.