Ukianza kazi za usafiri wa anga, isome sheria kuanzia kwenye tozo

Vijana wanaoletwa kwenye dawati letu la leseni na kanuni hawafanani. Kuna waliosoma sheria, kuna wahandisi, na mara mojamoja anakuja rubani mpya anayesubiri nafasi ya kuruka. Wote hukabidhiwa Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, na wote huanza kuisoma kwenye tafsiri ya maneno. Hawafiki mbali kabla usingizi haujawachukua. Mimi huwaambia waruke mpaka sehemu ya fedha. Mamlaka yetu, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, inapata wapi hela? Nani anapanga viwango? Zikibaki zinakwenda wapi? Ukishaelewa hapo, vifungu vingine utavisoma ukijua kwa nini vimewekwa.

Anza na tiketi, maana ipo mkononi. Chini ya nauli kuna msururu wa herufi mbilimbili, kila jozi na kiasi chake. Tozo ya abiria, ada ya usalama na nyingine za aina hiyo zina sheria au kanuni nyuma yake. Kenya hata wana sheria nzima ya tozo ya abiria wa ndege, Sura ya 475. Lakini YQ na YR si za serikali. Hizo ni nyongeza za shirika la ndege lenyewe, mara nyingi kwa kisingizio cha mafuta. Abiria akija kaunta anafoka kwamba serikali imezidisha kodi, tazama kwanza kama kinachomuuma si YQ. Wauza tiketi wazoefu wanalijua hili, ila si wote wana hamu ya kulieleza.

Kuna fedha nyingine abiria wetu haioni kabisa. Ndege inayotoka Johannesburg kwenda Dubai inaweza kupita juu yetu bila kugusa ardhi, na bado inaletewa ankara. Wapya hudhani tunawatoza kwa kupita. Hapana. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kifungu cha 15, unakataza nchi kutoza malipo kwa sababu tu ndege imepita, imeingia au imetoka. Kinacholipwa ni huduma: mwongoza ndege aliyeipokea, redio, rada. Rada nne za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe si mapambo. Ndizo zinazoipa ankara ile uhalali. Kifungu hichohicho hakiruhusu ndege ya kigeni inayofanya safari za kimataifa itozwe zaidi ya ya nyumbani inayofanya safari kama hizo. Siku utakapoombwa maoni kuhusu rasimu ya tozo mpya, fungua hapo kwanza.

Sasa fikiria maana ya msimamizi anayeishi kwa tozo. Ndege zikiwa nyingi, ana hela. Ndege zikipungua, kama mwaka 2020, mapato yanaporomoka, lakini kazi ya usimamizi haiporomoki nayo: ndege iliyoegeshwa miezi nayo inahitaji matunzo na ukaguzi, na rubani asiyeruka anahitaji kupimwa upya. Utasikia pia habari ya asilimia 15 ya mapato ghafi ambayo taasisi za umma hutakiwa kuchangia kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali. Najua Hazina ina hoja zake. Kwa chombo cha usalama, mimi bado naona shilingi inayopanda Hazina ni shilingi iliyotoka kwenye mshahara wa mkaguzi.

Mkaguzi ndiye kiini cha mambo haya. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linapoipima nchi hutumia nguzo nane. Sheria mama ni ya kwanza, kanuni ni ya pili. Ya nne ni watumishi wenye sifa. Nchi inaweza kufanya vizuri kwenye hizo mbili za mwanzo kwa kuajiri waandishi wazuri wa sheria. Ya nne haiandikwi, inalipiwa. Mtu anayeweza kumkagua nahodha wa Boeing 787 lazima aijue kazi ya nahodha yule, na mtu huyo mashirika ya ndege nayo yanamtaka. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyafungia mashirika yote ya ndege yaliyothibitishwa Tanzania, baada ya Air Tanzania kutangulia kuingia kwenye orodha hiyo Desemba 2024. Someni sababu zilizotajwa: upungufu wa watumishi wenye sifa, usimamizi hafifu wa uendeshaji na wa ubora wa ndege, na kutofuata viwango vya kimataifa. Hakuna aliyesema Tanzania haina sheria.

Wamarekani wana ugonjwa wa aina nyingine, na inafaa kuujua kwa sababu vitabu vingi mtakavyosomea vimeandikwa kwao. Kule sheria inayoidhinisha kazi na tozo za mamlaka yao, FAA, ina tarehe ya mwisho. Ya sasa ilitiwa saini Mei 2024, inaidhinisha takriban dola bilioni 105 na inafika mwisho wa mwaka wa fedha 2028. Wabunge wakishindwa kukubaliana, tozo zinakufa. Hilo lilitokea Julai 23, 2011, wakigombea ruzuku za viwanja vidogo na taratibu za kura za vyama vya wafanyakazi. Karibu watumishi 4,000 walirudishwa nyumbani, ujenzi viwanjani ukasimama, na serikali ikawa inapoteza kama dola milioni 30 kwa siku. Wakaguzi wa viwanja wapatao 40 waliendelea na kazi bila mshahara, safari wakijigharimia. Na mashirika ya ndege? Mengi yalipandisha nauli kwa kiasi kilekile cha kodi iliyokoma, abiria wakaendelea kulipa kama kawaida. Karibu wiki mbili zilipita hivyo. Sheria yetu haina tarehe ya kufa, na hapo tumewapita. Lakini yao huwalazimisha wabunge kujadili usafiri wa anga kila baada ya miaka michache, jambo ambalo kwetu hungoja ajali.

Jambo jingine la kulitazama mapema: kwetu, kama Kenya na kama Marekani, chombo kinachosimamia usalama ndicho pia kinachoongoza ndege angani. Yaani kinajikagua. Afrika Kusini waliitenga kazi ya kuongoza ndege miaka ya 1990, Uingereza wakafuata mwaka 2001. Sisemi tukimbilie huko kesho. Kutenga kuna gharama, na tozo za huduma ndizo zinazobeba sehemu ya mzigo wa usimamizi. Ila ukisoma ripoti yoyote ya ukaguzi, jiulize nani kamkagua nani.

Kuhusu makaratasi yenyewe nitakwenda haraka. Sheria hutungwa na Bunge, kanuni hutolewa na Waziri kwa Tangazo la Serikali, miongozo hutolewa na Mamlaka. Anayekuletea mwongozo unaoanzisha malipo mapya mwombe akuonyeshe kanuni, na ndani ya kanuni kifungu cha sheria kinachompa Waziri uwezo huo. Tangu Julai 1, 2025 tunatumia Toleo la 2023 la sheria zilizorekebishwa, kwa hiyo namba ya kifungu uliyoikuta kwenye barua ya zamani inaweza kuwa imehama. Usiinakili kabla ya kuitazama upya. Na leseni ya huduma za anga si AOC, yaani cheti cha uendeshaji wa ndege. Ya kwanza inauliza umiliki, mtaji na bima. Ya pili inauliza kama unaweza kurusha ndege kwa usalama. Kuna wawekezaji wanaopata ya kwanza wakaagiza keki.

Wanaopangiwa safari za Zanzibar wana somo la ziada. Mambo ya usafiri wa anga ni ya Muungano, kwa hiyo leseni, AOC na waongoza ndege viko chini ya Mamlaka ileile. Viwanja vya Unguja na Pemba vina mamlaka yao, na malipo ya uwanja yanakwenda huko. Ankara ya ndege iliyoruka kutoka Dar kwenda Unguja hivyo ina mikono zaidi ya mmoja inayoingoja, na mhasibu asiyejua mpaka huo atapeleka hela sahihi kwenye akaunti isiyo yake. Mpangilio wa malipo tuliouandika upo kwenye faili la kijani, kabati la pili.